Barafu kwenye Shavu la Firdausi

Kasulu

Dada yangu Mwanaheri,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile goti limeanza kukuacha usali umesimama. Sisi huku tu wazima, mvua zimeanza na maharage yanapendeza. Naituma kwa mkono wa Lukmani, anayekuja Tanga kuchukua mzigo, maana simu ya mwisho tulikata tumekasirikiana, na wewe ukinipandishia sauti mimi nasahau nililotaka kusema.

Ulisema binti yangu akipona nimlete kwako aachane na mpira, kwa kuwa msichana aliyevunjwa uso uwanjani ni aibu ya baba yake. Nisikilize kwanza.

Siku ile timu yao ya wasichana ilicheza Kibondo, Firdausi akiwa golini. Mchezo ukielekea kuisha, Kasulu wakiongoza kwa bao moja, mshambuliaji wa Kibondo aitwaye Ininahazwe akabaki naye ana kwa ana. Firdausi akajitupa miguuni pake, na goti la mwenzake likampiga usoni. Alizimia. Alipozinduka alikuwa hospitali, mimi nimekaa kando ya kitanda. Mfupa wa shavu ulikuwa umevunjika na kubonyea chini ya jicho.

Bahati nzuri madaktari bingwa walikuwa wamekuja Kasulu, tukamleta huku. Wakampasua, wakauinua mfupa na kuufunga kwa vyuma vidogo. Alipotolewa, dada, sikumtambua mwanangu. Uvimbe ulikuwa umefunika jicho, na machozi yalimtoka bila sauti. Daktari akaniambia nimlaze kichwa kikiwa juu, nimwekee ubaridi shavuni, na kila mara nihakikishe kwamba jicho linaona.

Nikatoa soda zote kwenye friji la dukani, nikagandisha maji kwenye vifuko. Barafu yenyewe haiwekwi kwenye ngozi, inaunguza kama moto. Niliiponda, nikaifunga kwenye kipande cha kanga ya mama yake, nikaiegesha bila kukandamiza. Baada ya muda naiondoa ngozi ipumzike, kisha naanza tena. Vidole vyangu vilikufa ganzi, lakini kila kitambaa kilipotua niliona paji lake likikunjuka. Mke wangu Mwamvua alipotaka kunipokea nilikataa. Akanicheka, akasema hata yeye alipojifungua sikumuuguza hivyo.

Ininahazwe naye alikuja kutoka kwao Mabamba, huko Kibondo, na mama yake, wamebeba maziwa. Mama akatuambia mwihangane, ndiyo pole yao, lakini binti alisimama mlangoni analia, haingii. Firdausi hakuweza kusema. Alichukua kitambaa mkononi mwangu, akamnyooshea. Yule binti akaketi, akakishika shavuni mwa mwenzake mpaka barafu ikayeyuka yote.

Uvimbe ulipopungua na jicho likafunguka, Mwamvua alimletea kioo. Hakukitaka. Kwa mdomo wa upande akaniuliza kama ule mpira ulivuka mstari, maana wenzake walisema haukuvuka na yeye alidhani wanamfariji. Nikamwambia haukuvuka. Akauliza nimejuaje.

Jibu nililompa nakupa na wewe, dada. Mlidhani wote kwamba nilipigiwa simu dukani. Nilikuwepo. Kila wanapocheza ugenini nafunga duka, naaga kwamba nafuata bidhaa, kisha nasimama nyuma ya goli lake, ng'ambo ya watu, asinione akababaika. Ni mimi niliyemgeuza pale chini, na mpira ulikuwa umelala chini ya kifua chake, ndani ya uwanja. Ni mimi niliyembeba. Njia nzima nilikuwa na hofu, na ndani ya hofu hiyo nilikuwa najivuna, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo hatakuja Tanga kujificha. Atakuja likizo kumsalimia shangazi yake, na kovu lake. Daktari akimruhusu atarudi golini, nami nitakaa mbele na wazazi wengine.

Msalimie shemeji na wanao. Mwamvua anakusalimu, na Firdausi anasema umwekee achari ya ndimu, taya sasa linatafuna.

Mdogo wako akupendaye,
Abdulrahmani