Kichupa cha Kingamwili

Rehema shoga yangu, u hali gani na joto la Tanga?

Mimi huku Kigali naionea wivu hata mvua, maana inanyesha kwa adabu. Zaidi namwonea wivu Claudine, mwenyeji wangu hapa maabara. Jana sote wawili tulitia kingamwili kwenye seli za moyo wa panya, ile inayoonyesha protini ya vijilango baina ya seli na seli. Zake zimewaka vitone vya kijani, vimejipanga mipakani kama shanga. Zangu giza tupu. Nikanuna, hata sambaza, vile visamaki vya ziwani alivyonikaangia, sikuvigusa.

Naye akafungua friza, akanipa kichupa chake kipya cha kingamwili. "Chukua, dada. Iko ya sisi wote." Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Rehema, kile kichupa chetu nilichoapa kwamba hakikuletwa, kililetwa. Picha zako za seli zilikuwa zinasifiwa kuliko zangu, nikakificha. Kiko kwenye friza ya maabara yetu huko, nyuma kabisa, ndani ya boksi la glavu. Kitumie kabla sijarudi, maana nikikikuta bado kipo, najijua.

Nakukumbatia, ukinikubali.

Mwanaidi