Kura ya Mama Yako

Barabara ya Kinu,
Duquette, Vermont.
29 Novemba 1998.

Mpendwa mpwa wangu Celeste,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye baridi. Natumaini wewe na mumeo mu wazima, na kwamba kile kikohozi cha mtoto kimekwisha. Sisi miili yetu ni mizima. Bibi yako anakula vizuri pale kwenye nyumba ya wazee, na bado anawasahihisha wauguzi Kifaransa chao. Theluji imeanguka mara mbili na paa la ghala limeivumilia, kinyume na nilivyotabiri.

Najua mama yako alikupigia simu akakwambia ameshindwa uchaguzi, kisha akauliza kama huko Arizona kuna joto. Ndivyo alivyo. Nakuandikia yale ambayo hatakwambia, maana wewe ni mwanawe na una haki ya kuyajua.

Ameshindwa kwa kura moja. Kura zote zimehesabiwa upya kwa mkono, zikabaki vilevile. Na kura hiyo moja aliipiga yeye mwenyewe.

Uliondoka hapa ukiwa msichana, kwa hiyo huenda umesahau desturi ya wagombea wetu. Siku ya uchaguzi, saa sita mchana, wapinzani wawili huingia pamoja kwenye ukumbi wa mji. Kila mmoja humpigia kura mwenzake, kisha huketi meza moja wakala pai ya tufaha iliyookwa na akina mama wa kanisa. Hakuna sheria inayowalazimisha. Kura zile mbili hufutana, na hakuna anayepata hasara. Babu yako alifanya hivyo katika kila uchaguzi wake. Mwaka huu mama yako aliingia na Bwana Whitlock, wakili mmoja aliyehamia kutoka kusini. Wakapeana mikono. Mama yako akampigia. Bwana Whitlock akajipigia, kisha akala pai.

Hatukuhitaji kumchunguza. Alikuja mwenyewe Jumapili baada ya kura kuhesabiwa upya, kofia mkononi.

“Bi. Odile, nilidhani ni masihara,” alisema. “Nilidhani watu husema hivyo tu, halafu wakifika kibandani kila mtu anajipigia.”

“Basi sasa unajua,” mama yako akamjibu. “Futa viatu uingie. Kahawa ipo.”

Nikamwambia kwamba kahawa ya nyumba hii ni ya watu wanaojua kufuta kura, si viatu tu. Mama yako akanikanyaga mguu.

Hebu fikiri ni nani tuliyempoteza. Mama yako aliingia katika bunge la jimbo baada ya kumzika baba yako, wakati watu walipodhani atajifungia ndani. Alibisha hodi kila mlango wa miji yetu miwili kwa miguu, mpaka mbwa wakachoka kumbwekea. Amechaguliwa mara sita. Huko bungeni hakuwahi kutoa hotuba ya kumtoa mtu machozi. Alikaa kwenye kamati ya barabara na ile ya afya, akasoma kila ukurasa ambao wenzake waliusinzilia, na daraja la Ferrand limesimama kwa sababu yake. Wahamiaji walipoongezeka, ushindi wake ukazidi kuwa mwembamba kila mara. Hakubadilika. Mimi ndiye niliyemwambia abadilike.

Sasa lile linalonichoma. Mwezi wa Januari bunge litapigia kura muswada wake wa kuzisaidia nyumba ndogo za wazee. Bwana Whitlock aliahidi hadharani kuupinga, na ni mtu wa kutimiza ahadi za aina hiyo. Muswada ukianguka, nyumba ya wazee ya hapa itafungwa msimu wa kuchipua, na bibi yako atapelekwa kusini, mwendo wa saa mbili kwa gari, mahali ambapo hakuna atakayemwita kwa jina lake la utotoni. Nimebishana na maaskofu na magavana gazetini, lakini sijawahi kuwa na hasira kama hii juu ya mtu ninayempenda. Uungwana wa mama yako ni wa kweli. Ila gharama yake inalipwa na kitanda cha mtu mwingine. Nilimwambia hivyo usoni.

“Ningejipigia ningeshinda kwa ngapi, Lucien?” akaniuliza.

“Kwa moja.”

“Ya nani?”

Nikachukua kofia yangu nikaenda zangu.

Alhamisi asubuhi, siku ya sikukuu ya kushukuru, tulikwenda kwa bibi yako. Mama yako akamweleza yote bila kupunguza. Bibi akacheka mpaka tukashtuka.

“Baba yenu alikuwa akimpigia mpinzani, anarudi nyumbani kifua mbele,” akasema. “Nami nilikuwa nakwenda nyuma yake kumpigia yeye. Mlidhani alishinda kwa adabu tu? Wewe Odile shida yako ni moja: huna mke.”

Halafu akauliza taratibu kama itabidi ahame.

“Huenda, Mama,” mama yako akasema. Akamshika kiganja mpaka chakula kikaletwa.

Aliporudi jikoni kwake akaanza kumenya viazi. Nilikuwa nimemletea makala ya gazetini niliyoandika dhidi ya Whitlock, kali kuliko zote nilizopata kuandika. Akaisoma yote akiwa amesimama, akaitandika mezani, akamenyea juu yake. Kisha akasema atagombea tena baada ya miaka miwili.

“Na siku hiyo utampigia nani?” nikamwuliza.

Akanisukumia kisu na viazi kadhaa.

“Menya vya upande wako,” akasema.

Celeste, njoo kabla theluji haijayeyuka, wakati bibi yako bado yuko hapa. Mlete na mtoto amwone. Usimpigie mama yako simu ya kumpa pole. Atakuuliza tena habari za joto.

Msalimie mumeo Warren na mbusu mtoto kwa niaba ya bibi yake. Binamu yako Bertrand anakusalimu. Mungu awalinde huko jangwani, na atuachie huku wale wazee tulionao.

Wako akupendaye daima, hata nikiwa na hasira,
Mjomba Lucien