Bolti Aliyoifunga Bruda

Gereji ya nyumbani,
Mbinga.

Kaka yangu Norbert,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Sijui kama mtu anayejiandaa kwa nadhiri bado anaamkiwa na mdogo wake kama zamani, au sasa nianze na “Bruda”. Mama amesema nianze na Mungu, basi nimeanza naye. Natumaini kile kikohozi cha wakati wa baridi kimekuachia, na kwamba huko ugali mnapewa wa kutosha, maana nakufahamu. Sisi tu wazima wa mwili. Baba bado anaendesha, mama anapalilia kahawa, mimi niko na mafuta ya gari mpaka viwikoni. Usingizi tu ndio umenipa kisogo, na ndio ulionishikisha kalamu.

Ungekuwa na simu ningekwisha kukupigia. Lakini simu mlizisalimisha mlangoni, na najua barua zenu hupitia kwanza kwa Padre Mlezi. Basi Padre, shikamoo na wewe. Soma yote, ila nakusihi isikae mezani kwako.

Habari yenyewe ni ya Landkruza ya baba. Tangu mvua ziishe, usukani ulianza kutetemeka. Mwanzoni ilikuwa kidogo, mtu angesema ni barabara tu. Baadaye ikawa gari likikanyaga tuta kwa mwendo wa kawaida, mbele yote inapandwa na kichaa: magurudumu yanapiga kushoto na kulia, usukani unamnyang’anya dereva mikono, wala hautulii mpaka gari lisimame kabisa. Baba alisema ni matairi. Tukayabalansi, likatetemeka vilevile. Fundi Ildefonsi, ambaye tangu uondoke ananisaidia hapa gereji, akafunga shokapu mpya ya usukani, ile inayomeza mtikisiko, na kweli gari likatulia. Nilimwambia baba kwamba shokapu ile inaunyamazisha ugonjwa, haiutibu. Akaniuliza tangu lini kifaranga kikamfundisha mama yake kuchakura. Nikarudi kwenye spana zangu, lakini roho haikutulia.

Halafu ikaja safari ya Lituhi. Baba alikuwa anashuka na abiria, nyuma wamejaa kina mama waliokuwa wanafuata usipa, dagaa wa ziwani, mimi nimekaa mbele. Tulipokanyaga kidaraja kile cha kwenye mteremko, usukani ulimrushia baba mikono pembeni kama mtu aliyechapwa. Nilimwona anaurudia, anaukosa, anaurudia tena. Tulisimama tairi la kushoto likiwa limeshapita ukingo wa barabara, na chini yetu ni korongo. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Mama Serafina, yule mwuza samaki mwenye maneno, aliteremka, akajitwika ndoo zake na kusema Lituhi haijahama, ataifikia kwa miguu. Wenzake walicheka. Mimi nilishindwa hata kufungua mlango.

Tuliporudi tuliliinua kwa jeki, kama ilivyo desturi yetu katika uwanja huu wa kilima. Ildefonsi alishika tairodi endi moja baada ya nyingine, akatikisa beringi za magurudumu, akachungulia bushi. Kila alichogusa kilikuwa kizima. Alipofika kwenye ile rodi ndefu inayoishika ekseli ya mbele isiyumbe kushoto wala kulia, aliipangusa vumbi, akaiacha. Nikamwuliza mbona haipimi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba ile kaifunga Bruda mwenyewe, na yeye si mtu wa kufungua alichofunga Bruda.

Unaikumbuka wiki yako ya mwisho hapa. Watu walileta magari hata yasiyoumwa, kutoka Mpepai, kutoka Kitai, kila mmoja anataka mkono wako wa mwisho kabla hujaingia utawani, kama anayetaka kuwekewa mkono kichwani. Hukumkatalia mtu. Ulilala chini ya magari mpaka jioni ya kuagwa kwako. Tangu siku hiyo, ukimwambia mwenye gari alete likaguliwe, anakwambia lake halina haja, lilifungwa na mtu wa Mungu. Baba ndiye anayeongoza kwa majigambo hayo.

Lakini mimi ulinifundisha wewe, na ulinifundisha kutoamini macho kabla ya mkono. Nilimbembeleza baba tulipeleke gari Kitai, kwenye uwanja ulio sawa, tulipime likiwa limesimama kwa magurudumu yake, maana kwenye jeki linaning’inia na halisemi ukweli. Akakubali kwa kunung’unika. Injini ikiwa inaunguruma, yeye akawa anauchezesha usukani kidogo huku na huku, mimi nimelala chini na kiganja kwenye ile rodi. Kaka, nilisikia inagonga. Kila baba alipogeuza, mwisho wa rodi ulihama kwanza, ndipo magurudumu yakafuata. Nilifungua. Tundu la duara lilikuwa limelika, limekuwa kama yai. Bolti iliyokuwamo ilikuwa nyembamba kuliko yake halali, imezungushiwa bati la kopo la maziwa ili ijae, na ncha ya bati imekunjwa kwa ndani ile mikunjo yako. Hakuna mwingine Mbinga nzima anayekunja hivyo.

Sikuandikii kukulaumu. Najua bolti zilikuwa zimekwisha, watu wamepanga foleni, na uliwaza utaibadilisha kesho yake. Kesho yake ulikuwa kanisani. Gari la baba tumelichomelea tundu upya, tumelitia bolti yake halali, na sasa linapita matuta limetulia tuli. Kama mambo yangeishia hapo nisingekupotezea sala zako.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo ninaloona haya kuliandika. Pale Kitai baba aliichukua ile bolti, akaitazama kwa hasira na kwa kulikumbuka lile korongo. Akauliza nani amefunga uchafu huu. Nadhiri zako zilikuwa zinakaribia, na nilimwona akilini anavyokuja huko kukuvuta shati mbele ya wenzako. Nilitaka uziingie na moyo mweupe. Nikamwambia: “Ni mimi, baba. Niliifungua nikaifunga upya baada ya Bruda kuondoka.”

Baba aliitupa ile bolti chini. Kisha akasema: “Veneranda, tangu leo usiguse usukani wa gari la mtu.”

Habari ilifika sokoni kabla yetu. Nilidhani nimebeba mzigo wangu peke yangu, kumbe nimewatwisha watu wasiojua. Wote niliowatengenezea mimi wamekuja wakiruka, Ildefonsi akayakagua magari yao, yamekutwa mazima. Wale uliowatengenezea wewe wamekaa kwao wanamshukuru Mungu kwamba hawakupita mikononi mwangu. Nikiwaambia walete magari, wananicheka usoni. Nilijaribu kumwambia mama ukweli, akaniambia kumsingizia mtu wa Mungu ni dhambi juu ya dhambi, na baba hataki hata kulisikia jina lako nikilitaja mimi. Uongo wangu wameuamini mara moja, ukweli wangu hauna mteja.

Kwa hiyo sina njia ila wewe. Niandikie magari yote uliyoyatia bati, na umwandikie baba kwa mkono wako, maana mwandiko wako anaujua. Kama ni lazima uvunje ukimya wa mafungo, Padre, mruhusu. Naogopa, kaka. Kila gari likipita hapa kuelekea mteremkoni nasimama mlangoni mpaka nisilisikie tena.

Ildefonsi anakusalimu na kuomba umkumbuke katika sala. Baba hajui kama nimeandika. Mama anakusalimu kuliko wote. Kanga ya siku ya nadhiri amekwisha kuipiga pasi, na usafiri wa kuwaleta yeye, baba na mashangazi ameupata. Gari la baba amelikataa, kwa vile nililigusa. Watakuja na la Mzee Raimundi wa Mpepai, ambalo haniruhusu hata kulisogelea. Mama amelichagua kwa sababu ulilitengeneza wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Veneranda