Waya Ndani ya Bahasha

Kitengela,
22 Februari 1998.

Kwa dada yangu mpendwa Nzisa,

Pokea salamu nyingi sana kutoka kwangu mimi mdogo wako Musila. Mimi ni mzima. Ule mguu uliokuwa ukinisumbua umepoa, na kifua hakijanigusa ingawa baridi ya huku mwaka huu si ya kawaida. Natumaini wewe pia hujambo, pamoja na baba watoto, na kwamba mahindi hayakuozea shambani kama ya watu wa hapa. Na lile paa la jikoni, lilistahimili? Hii mvua wanayoiita El Nino imetuonyesha mambo. Udongo mweusi wa Kitengela unaujua wewe mwenyewe, ukivuka barabara unafika ng'ambo umevaa viatu juu ya viatu. Gambuti yangu moja ilibaki kwenye matope mbele ya kanisa na sikurudi kuitafuta.

Nilipata barua ya Nzilani kutoka shuleni. Mwandiko wake ni wako mtupu, hata ile herufi ya K inayoinama kama mtu aliyebeba kuni. Niliisoma mara tatu kwa furaha. Binti yetu ako kidato cha kwanza, nani angesema. Aliniandikia kwamba ulimsindikiza mpaka getini, ukamwambia awe makini na vitu vya watu, kwa sababu wewe ulikosa shule kwa kuunguza gauni la watu. Neno hilo lilinikaa, na nitalirudia.

Anayekuletea barua hii anaitwa Mutindi, ni mtu wa Kilome, anakuja nyumbani kuona watoto wake. Tafadhali mpe chai na umkalishe vizuri, maana habari hii inamhusu pia. Ningeweza kungoja Pasaka niseme kwa mdomo, lakini najijua. Nikikuona nitaanza mizaha, utacheka, nitakula, halafu nitarudi Kitengela na neno langu likiwa bado tumboni.

Kazi iko, namshukuru Mungu. Natengeneza pasi, jiko za stima, friji, chochote chenye waya. Mwezi wa kumi na moja niliitwa nyumbani kwa Mmaasai mmoja anaitwa Parmuat, ambaye alisoma Uingereza akarudi na mashine ya kukausha nguo. Majirani walimcheka sana. Walimwuliza kama jua la Kajiado halimtoshi. Mvua ilipoanza, wale wale waliomcheka wakaanza kupita kwake na beseni za nepi. Bibi yake ni Caroline, nesi, mama mkali lakini mwenye haki. Na ndani ya nyumba yuko mama yake Parmuat, wanamwita Koko, yaani nyanya, ambaye alipooza upande mmoja na huu ni mwaka wa pili yuko kitandani. Shuka zake zinafuliwa kila siku, na anayefua, anayemgeuza, anayemlisha ni Mutindi. Bila ile mashine, Koko angelala kwa unyevu na ngozi yake ingechubuka. Kwa hivyo ilipoharibika, niliombwa nifanye haraka.

Hebu nikueleze kidogo ili uelewe kosa langu. Mashine yenyewe ni sanduku la bati jeupe, na ndani kuna pipa linalozunguka na nguo. Nyuma kuna hita ya kupasha hewa joto, na karibu na hita kuna kidude kidogo kama kifungo cha koti. Kazi ya kidude ni moja tu, joto likizidi kinakata stima ili nguo zisiungue. Nilikuta mkanda wa kuzungusha pipa umekatika na kile kidude kimekufa. Mkanda niliupata Nairobi, ulikuwa wa mashine ya aina nyingine lakini ukakubali. Kidude nikaambiwa mpaka kiagizwe. Basi nikafanya vile mafundi wengi tunafanya. Nilichukua kipande cha waya, nikaunganisha moja kwa moja, kama vile kidude hakijawahi kuwako. Mashine ikawaka vizuri. Nikamwambia Caroline kazi imeisha.

Moyoni nilisema nitarudi baada ya wiki mbili. Spea ilifika Desemba, nikaitia ndani ya mkoba wangu, ikakaa humo pamoja na misumari. Kila nikitafuta bisibisi naiona. Nilijiambia barabara ni mbaya, nilijiambia kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyelalamika, na mimi nisipolalamikiwa huwa nalala fofofo.

Jumamosi moja, wiki mbili zilizopita, Caroline akatuma mtu aniite. Nilimkuta sebuleni na nguo mbili juu ya meza, unifomu yake ya kazi ikiwa na alama ya kahawia mgongoni, na shuka nyekundu ya Koko iliyobabuka pembeni. Aliniambia hizo ni za tano na sita. Alisema Mutindi anashikilia kwamba si yeye, anasema anaweka nguo na kugeuza kile kitufe vile alivyofundishwa, basi. Caroline alikuwa amechoka na maneno. Alitaka mimi fundi niifungue mashine, niseme mbele ya watu kama ni nzima, ili ajue anayedanganya ni nani. Kama mashine ni nzima, Mutindi aende siku hiyohiyo. Vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa kwenye mfuko wa plastiki karibu na mlango.

Nzisa, nilijua kabla sijashika bisibisi. Nilifungua nyuma na nikaona waya wangu, umekuwa mweusi kama kucha iliyopondwa, na manyoya ya nguo yamejazana pale hewa inapopita. Na spea ilikuwa mkobani, karibu na goti langu. Nilikuwa peke yangu katika kile chumba cha kufulia. Nilitoa waya nikautia mfukoni, nikafagia manyoya, nikaweka kidude kipya, nikafunga. Haikuchukua hata nusu saa. Nikaiwasha, joto likapanda, kidude kikakata, joto likashuka. Nikaenda sebuleni nikamwambia Caroline, mbele ya Mutindi, kwamba mashine iko sawa.

Na ilikuwa sawa, si ndiyo? Hilo ndilo nililojiambia. Mutindi hakulia wala hakunitazama kwa ubaya. Alifungua leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, akaikunja mara nne, akasema labda kweli ni yeye, labda hakuona. Alisema vile, dada, "labda ni mimi," kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa nimeshawahi kusikia sauti hiyo.

Nilifika mpaka kwenye geti lao. Matope yalinishika, nikasimama nikiyakwangua kwa kijiti muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikarudi. Nilitoa waya mfukoni nikauweka juu ya ile unifomu, nikamwambia Caroline kila kitu, kuanzia Novemba. Akaniambia kwamba hayo si ya kuambiwa yeye, nikayaseme kwa mwenyewe. Basi nikamwambia Mutindi, nikiwa nimesimama na gambuti za kuazima kwenye zulia la watu. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama kuna nyumba nyingine ambazo nimeweka waya kama huo, maana huko pia kuna wafanyakazi.

Koko alisikia maneno yetu akaita kutoka chumbani, akataka aambiwe. Caroline alipomweleza kwa Kimaasai, yule mzee alisema maneno marefu na kila mtu akaangalia chini, hata Parmuat aliyekuwa amekuja kusikiliza. Baadaye niliambiwa alichosema. Alisema harufu ya kuungua alikuwa akiisikia hata Mutindi akiwa amemshika mkono pale kitandani, lakini watu hawamuulizi kitu mtu aliyelala. Halafu akasema mfuko wa Mutindi uondolewe mlangoni kwa sababu unamharibia macho.

Tangu siku hiyo nimezunguka. Nimeenda Matasia, nimeenda Rongai, nimefika hata Oltepesi kwa sababu ya birika moja la stima. Nyumba saba, Nzisa. Kila mahali natoa waya wangu, naweka kifaa chake, na kusema nilichofanya. Wawili wamenifukuza. Mmoja, mzee Mbaluka, alinipa chai na akaniambia sijui biashara.

Sasa nifike pale ninapoogopa.

Unakumbuka Julai ile kule Nunguni, ukungu siku nne mfululizo bila jua. Ulikuwa umepita mtihani wa darasa la saba, na bibi wa mwalimu alikuwa ameahidi kwamba ukimfanyia kazi mwaka mmoja, Januari watakupeleka kidato cha kwanza. Ulikuwa umeanza kuhesabu miezi. Ulikuja na gauni lake la kitambaa cha krimplini, lile la rangi ya maziwa, ulikaushe kwetu jikoni kwa sababu alilitaka Jumapili. Ulilitundika kwenye kamba, mbali na moto, ukaniambia nisiliguse, ukaenda mtoni.

Mimi ndimi niliyelishusha. Nilikuwa na miaka tisa. Nililigusa nikakuta bado bichi, nikaona nikusaidie, ukirudi ukute limekauka ufurahi. Nililishika juu ya mawe ya moto, karibu, kisha karibu zaidi. Krimplini haiungui kama pamba. Ilijikunja yenyewe, likawa tundu la ukubwa wa sahani. Nikalirudisha kwenye kamba, upande wa tundu ukitazama ukuta, nikaenda kwa mbuzi.

Nilikuwa mlangoni uliporudi. Nilikuwa mlangoni baba alipouliza nani. Ukasema labda ni wewe, labda cheche iliruka, labda ulilitundika karibu. Na mimi nikachuna majani ya paa pale mlangoni nikanyamaza. Jioni ile ulinipa ukoko wa sufuria wote, hukubakisha. Miaka ishirini na tatu nimejiuliza kama ulijua.

Sikuandikii ili unipunguzie mzigo. Mutindi alirudishiwa kazi yake kabla chai haijapoa. Wewe ile Januari hukurudishiwa, na hiyo ni spea ambayo siwezi kuipata Nairobi wala popote. Ulichukua jembe, ukanilipia mimi shule kwa vibarua vya watu, mpaka nikawa fundi. Nakupenda dada, na nimekuonea haya kila mara uliponisifu mbele ya watu.

Nimekuwekea ule waya wa kwa Caroline ndani ya bahasha hii. Ni mfupi, hauzidi kidole. Uutupe ukitaka.

Nisalimie baba watoto, na mama Ouko jirani, na wote wanaoniulizia. Mwambie Ngui nimepata ile taa aliyoniagiza. Mungu awatunze mpaka tuonane, kama utataka tuonane. Nakuomba jambo moja tu. Nzilani akija likizo, usimwambie tena kwamba uliunguza gauni la watu. Mpe barua hii asome.

Ni mimi mdogo wako,
Musila.