Sauti ya Baba Kwenye Akaunti ya Mapokezi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kompyuta mpya imefika kutoka Kahama. Mpya kweli, na nailoni yake! Ile ya mtumba kabaki nayo Fredy fundi, ndivyo tulivyokubaliana. Sikuilia. Ilikuwa ikiwaka inanguruma kama karasha la kusaga mawe, halafu wimbo ukifika katikati inajizima, na wateja wananicheka ndani ya kibanda changu mwenyewe. Muuza nyimbo ambaye mashine yake haimalizi wimbo!

Fredy alinipigia wakati anahamisha vitu vyangu kuvileta kwenye mpya. Kaona akaunti mbili, anauliza yangu ipi. Nikamwambia yenye jina langu, Vumilia, ipi tena?

Baba kanywa uji nusu bakuli. Bado anasema "e" tu. E ya maji, e ya mkojo, e ya hasira. Tangu apooze upande wa kulia sijasikia neno lingine. Sista wa hospitali ya Kolandoto alituambia siku ya kuruhusiwa: mtu wa namna hii kusema kunaweza kumshinda, lakini wimbo ukamtoka. Mwekeeni nyimbo zake mwenyewe, asikie sauti yake, aifuate. Msichelewe.

Kesho naanza.

Jumanne, 3 Juni

Hakuna kitu.

Folda ya nyimbo tupu. Nyaraka tupu. Picha — moja, ya maua, imekuja na mashine.

Nimekaa nikiangalia hayo maua mpaka nikaelewa. Mtumba ule ulitoka kwenye ofisi ya watu huko Mwanza. Siku ya kwanza nilipouwasha ukaniletea akaunti ya "Mapokezi 2". Nikabonyeza, ukafunguka, nikafanya kazi humo miaka yote. Jina sikulibadilisha. Linafunguka, nilibadilishe la nini? Ile yenye jina langu alinitengenezea Fredy mwenyewe siku moja alipokuja kuondoa virusi, akaniambia niwe naingilia hapo. Sikuingia hata mara moja. Paswedi niliisahau kabla hajafika stendi.

Kwa hiyo kahamisha akaunti niliyomtajia. Isiyo na kitu.

Nyimbo za Baba zote zilikuwa Mapokezi. Nilimrekodi mwaka jana baada ya mavuno, kakaa kwenye kiti cha wateja, anapiga meza kwa vidole maana ngoma alisema haitatosha kibandani. Manju wa wigashe, ngoma yetu ya kuimba mmekaa, wa Samuye nzima, mtu aliyeimbisha safu za watu waliokaa chini mpaka jua linazama, namwambia asogee karibu na maiki, anauliza, "Hicho kidude kinasikia Kisukuma?"

Fredy hapokei simu.

Jumatano, 4 Juni

Kahama na kurudi. Mgongo unaniuma.

Fredy hakukana. Bora angekana ningepata wa kugombana naye. Ile ya mtumba ameshaifuta yote, akaipiga windo upya, akaijaza muvi zilizotafsiriwa, maana kuna mtu wa Bukombe anafungua kibanda cha kuonyesha. Akaniwekea programu ya kufufua vitu vilivyofutwa. Ikachimba mchana kutwa. Yakaja majina — Baba mavuno, Baba mvua, Baba na Mama — yote. Akabonyeza la kwanza. Kimya. La pili, kimya. La tatu likatoa mlio wa risasi na mtu anatafsiri, "Hapa jambazi anaingia ndani." Fredy akazima haraka.

Anasema jina linabaki, kilichomo kinakaliwa na kingine. Anasema pole dada, ungeniambia Mapokezi. Ningemwambia Mapokezi! Mimi nimewahi kuwa mapokezi ya nani?

Nimempigia kaka Enock huko Samuye aulize wazee waliokuwa wakiitikia. Hakuna mwenye kitu. Enock anasema nani angemrekodi mtu ambaye kila msimu yupo. Kweli tupu, na imenikera.

Alhamisi, 5 Juni

Baba leo hata "e" hakusema.

Ijumaa, 6 Juni

Mganga hajigangi. Nusu ya watu wa hapa Masumbwe wanatembea na nyimbo nilizowawekea, mimi sina hata moja ya baba yangu. Flashi zangu nazifuta kila jioni nipate nafasi ya nyimbo mpya.

Lakini nilikuwa nawagawia wachimbaji nyimbo zake. Wasukuma wa machimboni walikuwa wanaziomba, zinawakumbusha kwao. Kwa hiyo leo kila anayekuja namwomba memori kadi yake nitazame. Singeli, singeli, kwaya, mahubiri, singeli. Boaz, yule mrefu anayeshuka duara, shimo la dhahabu la upande wa mnadani, alikuwa nazo, anakumbuka kabisa. Alizipenda sana. Akazifuta mwezi wa nne.

"Dada, kule chini wimbo unachoka haraka," anasema. "Lakini yule mzee alikuwa anaimba. Bado yupo?"

Nikamwambia yupo. Sijui kama nimesema kweli.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Nilijaribu kumwimbia mwenyewe, ule wa mvua, maneno ninayoyakumbuka. Nimerukaruka mistari, sauti yangu kama kopo. Baba akageuza uso ukutani. Hata mzima angegeuza, hakuvumilia mtu anayeharibu wimbo.

Nimechoka. Nasema ukweli, nimechoka. Sista alisema msichelewe, na siku zinapita huku tunatazamana.

Jumanne, 10 Juni

Umepatikana mmoja!

Rebeka, mama lishe wa machimboni, ana redio ndogo yenye tundu la flashi. Boaz alimsimulia habari zangu. Rebeka haijui kompyuta, hajui kufuta, flashi iliingia humo na haijatoka. Kaja nayo mwenyewe kaifunga kwenye kitenge. Ule wa mavuno. Sauti ya Baba, vidole vyake kwenye meza. Niliposikia akivuta pumzi kabla ya kuanza nilishika kaunta.

Halafu nikajisikia mimi. Nilikuwa nimesahau. Wauza nyimbo wote tunafanya hivi, usipofanya jirani anachukua kazi yako anaiuza kama yake: unaweka tangazo juu ya wimbo. Basi Baba anafika pale sauti inapanda, waitikiaji wangeingia hapo, na mimi naingia, napiga kelele: "Nyota Miziki, Masumbwe stendi! Njoo na flashi yako!" Mara nne kwenye wimbo mmoja. Nimejaribu kuitoa sauti yangu. Haitoki, imeshikana na sauti yake. Fredy kwenye simu anasema hivyo hivyo.

Si kitu. Baba yupo chini yake. Rebeka ameniachia redio, anasema atapika bila muziki.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeanza jana. Nimemkalisha kwenye kiti cha wateja, mto mgongoni. Nikabonyeza.

Baba alijisikia. Hilo nina uhakika, macho yalifunguka na mkono wa kushoto ukaanza kutafuta meza. Nikausogeza mezani. Vidole vikagonga, si sawasawa, lakini vikagonga. Nikasema Mungu wangu, inakuja. Alimsikiliza yule mtu wa kwenye redio kama anayesikiliza mgeni, kwa heshima, mdomo kafumba. Wimbo ukaisha. Nikarudia. Na tena.

Leo asubuhi amefungua mdomo. Kaka Enock alikuwa amefika na basi la alfajiri, kakaa kwenye kreti, ameona kwa macho yake. Wimbo ukapanda, ukafika pale, nikaona koo la Baba linajikaza, akakusanya pumzi kama zamani.

"Masumbwe stendi," akasema.

Wazi kabisa. Neno la kwanza tangu apooze. Enock akanitazama, akacheka, halafu akatoka nje na hakurudi haraka.

Tumerudia. Anapita kimya juu ya maneno yake yote — ng'ombe, mtama, jina la Mama. Anangoja. Tangazo likifika anaingia nalo, hakosei, tena kwa ile sauti yake ya manju, kubwa, mpaka mteja wa nje akauliza nani anatangaza. "Njoo na flashi yako." Kisha anatulia na kunitazama, ananingoja niitikie.

Enock amerudi. Anasema zima, unamfanya mzee kasuku. Mimi nasema ni maneno, sista alisema maneno yatatoka. Hakusema yapi. Enock ameshika waya wa redio. Baba anatuangalia mmoja mmoja, na mkono wa kushoto uko hewani, kidole kimoja, anazungusha: rudia.