Mama wa Redioni

Mollo, 6 Novemba 2024

Mwanangu Luciana,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko bondeni? Joto la Mtowisa linakufanyaje na hilo tumbo? Sisi huku juu wazima. Baba yako Kalisti mzima, ila goti linamsumbua asubuhi kukiwa na baridi. Bibi yako anakusalimu, meno yamebaki mawili na bado anatafuna mahindi ya kuchoma, usiniulize kwa namna gani. Mdogo wako Valerian anakusalimu, ndiye aliyedumbukiza simu yangu kwenye pipa la maji, ndiyo maana naandika. Shangazi yako Salome anakusalimu. Mbuzi wako wa madoa amezaa pacha. Na mume wako Teodori, ukiongea naye huko mpakani Kasesya anakobeba mizigo, mwambie asibebe magunia mawili mawili.

Baada ya salamu, mwanangu, sina raha.

Jumatatu nilikuwa mashineni nasubiri unga. Redio yenu ya huko bondeni ilikuwa inaongea, mara nasikia sauti yako unatangaza. Nikawaambia watu nyamazeni, mwanangu huyo! Wakanyamaza, hata mwenye mashine akazima injini. Laiti asingeizima. Mlikuwa mnatafuta maana za lile neno la Kizungu, brodikasti. Mwalimu mmoja akapiga simu akasema hata kutupa mbegu shambani kwa mkono Wazungu waliita hivyo hivyo, tena tangu zamani kabla ya redio. Nikafurahi. Nikasema moyoni, sasa atanitaja.

Wewe ukasema, "Hiyo naijua. Unachota kidogo, kidole gumba kinasukuma, mkono unafuata mguu. Nimefundishwa na mama yangu wa hapa, Mama Kija."

Luciana. Mama Kija ni mama mwenye nyumba wako. Nani alikushika mkono ukiwa na miaka sita, tukisambaza udongo wa ntumba, yale matuta yetu ya majani yaliyooza? Nani alikuonyesha kuchanganya ulezi na udongo mkavu ili usianguke mahali pamoja? Huyo alikuwa wapi?

Salome akacheka mbele za watu: "Wifi, kumbe mtoto ana mama mwingine bondeni!" Nimebeba unga wangu nusu haujasagwa nikaondoka. Sasa nasaga kijiji cha pili.

Nijibu. Barua mpe Kasmir wa lori la mahindi. Simu ya Salome usipige, huwa anaweka spika.

Ni mimi mama yako mzazi.

*

Mtowisa, 15 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Milele amina. Shikamoo mama. Shikamoo kwa baba na pole ya goti, shikamoo bibi na meno yake mawili. Valerian mwambie namdai simu. Mimi mzima, ila miguu imevimba, viatu vimekataa.

Mama, nisamehe. Lile neno lilileta maana nyingi asubuhi ile: kutangaza, kurusha hewani, kueneza, kusambaza, kupiga mbiu. Mzee mmoja wa Kipili akasema kwake ni kupayuka, tukacheka mpaka tukaharibu kipindi. Mwalimu Tadei alipoleta hiyo ya kusia mbegu, Mama Kija alikuwa amekaa palepale studio, ameniletea uji. Nilimtaja kwa sababu alikuwa mbele yangu, nikataka kumfurahisha. Nilijua nasema uongo. Sikujua kama uko mashineni.

Mama, huyu mama ananilisha. Teodori anarudi mara moja kwa mwezi. Mzee Ndalahwa, mume wake, ndiye anayenisindikiza kliniki kwa mkokoteni wa ng'ombe. Na Mama Kija amesema nikijifungua atamwogesha mtoto, na mimi atanikanda maji ya moto, ili wewe usisumbuke na barabara hii. Naona ni vizuri. Wewe unasemaje?

Wako, mwanao Luciana.

*

Mollo, 27 Novemba 2024

Luciana,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko. Huku wote wazima.

Unaniuliza nasemaje. Mzazi wa mara ya kwanza anakandwa na mama yake. Bibi yako alinikanda mimi? Hapana, huyo ni mama wa baba yako. Alikuja mama yangu, kwa miguu, siku mbili, na unga wa ulezi kichwani. Mimi unga wa kwako nimeshausaga, uko kwenye debe, nimewaficha panya na Valerian.

Lakini kama umepata mtu, basi. Akuogeshee. Akutangaze yeye, na wewe umtangaze. Redio nimemwambia Valerian atoe betri, na Salome nimemwambia asinitajie tena hiyo redio ndani ya nyumba yangu.

Viatu vikikataa vaa kandambili za baba ulizoondoka nazo. Usibebe ndoo.

Mama yako.

*

Mtowisa, 2 Januari 2025

Mama,

Milele amina. Shikamoo. Sina nguvu ya kuandika salamu za wote, wagawie.

Mvua ya Desemba ilikata barabara na kuua mnara wa simu. Lori halikupanda. Nilikuwa na hofu mama, mtoto alikuwa amekaa vibaya. Kitu pekee kilichokuwa kinafika huko juu ni redio yetu. Nikakuita. Asubuhi tatu mfululizo, kabla ya taarifa ya habari: "Mama Luciana wa Mollo, mke wa mzee Kalisti, shuka, mwanao anakuhitaji." Nikasema pia kwamba kusia ulezi nilifundishwa na wewe, na nilidanganya mbele ya watu. Wasikilizaji wa Kasesya walisikia, wa Kipili walisikia. Kila lori lililosikika nilitoka nje.

Amezaliwa tarehe ishirini na sita, wa kike. Tuko salama. Mama Kija alinishika mkono usiku kucha. Lakini kulipokucha nikampa mtoto amwogeshe, akarudi nyuma, akaweka mikono mgongoni. "Huyu ana bibi yake. Nimesikia ukimwita. Mimi nitachemsha maji tu." Hata leo hajambeba, mama. Anachemsha maji, anaweka mlangoni, anaondoka. Namwogesha mwenyewe.

Kwa nini hukuja?

Luciana.

*

Mollo, 4 Januari 2025

Mwanangu, mama yangu, Luciana,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imefika usiku macho yangu hayaoni, nimesomewa na Valerian nikamwambia arudie, nikamwambia tena arudie.

Sikusikia. Nimeenda kwa Salome nikamuuliza, wewe ulisikia? Akasema, "Siku zote tatu, wifi. Watu walikuwa wananiuliza mbona haendi. Si ulisema nisikutajie redio?" Nimekaa kwake jikoni nikalia kama mtoto, akanipa chai.

Wivu ni wangu mwanangu. Sitausingizia mvua. Huyo mama angeweza kumchukua mjukuu wangu na nisingekuwa na neno. Nikimfikiria amesimama na mikono mgongoni nazidi kuona aibu, na Mungu anisamehe, bado namwonea wivu maana yeye amekwisha kumwona.

Kasmir anashuka Alhamisi. Nitakaa juu ya magunia na debe langu. Mwambie Mama Kija asisubiri, ambebe mtoto leo. Ni mimi nimesema.

Barua hii nampa Flavian wa bodaboda, yeye anapita hata kwenye tope. Nina swali moja, nijibu upesi kwa mkono wake huyuhuyu, usingoje nifike: mtoto umempa jina gani? Kama ni la yule mama, niambie nikiwa bado huku juu, nilie nimalize, nishuke nikiwa nimenyamaza.

Bibi wa mtoto.