Kifungo, Uliyekuwa Ukipokea Nguo Getini

Mwaka umezunguka, Kifungo, tangu ile Jumanne saa nne asubuhi ulipotoka kwenda kupokea mgeni getini, na hukurudi ndani kwa miguu yako. Mwaka mzima, na maneno nayo bado yanazunguka. Wanasema ulimng'ata askari. Mwanzoni alikuwa ameshonwa nyuzi tatu mguuni. Habari ilipofika saluni ya kona nyuzi zikawa saba. Mwezi uliopita nilikuwa nampima mteja kiuno, akaniambia yeye amesikia ni kumi na moja, na suruali ya askari ilichanika mpaka kwenye nyonga. Nilimpima kiuno kile mara tatu nikapata vipimo vitatu.

Maneno hayo yameniganda kama nyuzi nyeupe kwenye sketi nyeusi. Nikishona yapo, nikipika yapo, nikijilaza yananisubiri kwenye mto. Ndiyo maana familia yako tumekaa tukaona tukukumbuke hadharani, wanaokusema nao wasikie tunavyokusema sisi.

Shangazi wa watoto alikataa. Alisema kumbukumbu ni za watu, tutachekwa mtaa mzima, na kesho kuku nao watadai tangazo lao. Bibi akamwuliza ni nani aliyekuwa akimpelekea viatu, kimoja kimoja, mpaka kitandani, mwezi ule alipougulia mgongo nyumbani kwetu. Baadaye shangazi akauliza jina lake litakuwa la ngapi.

Tunaikumbuka siku uliyokuja. Baba watoto alikukuta kwenye karakana yake ya kuchomelea, umelala ndani ya boksi la misumari, mdogo kama soksi iliyokunjwa. Alikuleta ndani ya ovaroli lake, kichwa kikichungulia kifuani, akaapa kwamba ni kwa siku mbili tu mpaka mwenyewe apatikane. Siku ya pili ukameza kifungo cha koti la mwalimu mkuu. Kilikuwa cha shaba, cha mwisho cha aina yake, na koti lilikuwa la kuvaa kwenye mahafali. Tulishinda tunakufuata nyuma na kijiti, nyumba nzima, hata bibi. Kilipotoka nilikichemsha, nikakichemsha tena, nikakishona. Mwalimu mkuu alivaa koti lake akapendeza. Leo ndiyo anajua; atusamehe. Jina lako ulilipata hapo, na habari za mwenyewe hakuna aliyezigusa tena.

Kazi ulijifunza kwangu. Magoti yangu unayajua. Kila mteja akigonga ilibidi niache cherehani, nijikongoje mpaka getini, nipokee, nirudi, nikae, na kabla sijakaa vizuri anagonga mwingine. Nikaona nikufundishe. Mtu akisimama pale na furushi mkononi, ulitoka, ukalipokea kwa meno ya mbele, taratibu kabisa, ukaliweka miguuni pangu, kisha ukarudi kumsindikiza aingie. Hukuwahi kuacha tundu kwenye nguo ya mtu. Gauni la bibi harusi ulilileta bila kuligusisha sakafu, shingo umeiinua kama anayevuka maji.

Wateja wakazoea. Wakaacha hata kuniita. Wananyoosha tu mkono, na wewe ukiona mkono umenyooka na una kitu, unajua ni kazi. Siku moja muuza maziwa alikunyooshea chupa kwa utani. Uliibeba mpaka jikoni, na ikabidi aingie ndani kuidai. Kwa wiki nzima aliitwa mtu aliyeibiwa na mpokezi.

Ulilala chini ya cherehani, juu ya vipande vya vitambaa, na nilipokanyaga pedali mkia wako ulifuata mwendo. Nikisimamisha, nao unasimama. Mpaka leo mguu wangu ukisimama nainama kutazama.

Uliogopa radi. Uliogopa ndoo ikianguka. Uliogopa zaidi kuku wa jirani mwenye vifaranga, aliyekukimbiza mara mbili mpaka chini ya kitanda cha bibi. Bibi alikuita bwana mdogo, na alikuwa anakunong'oneza mambo ambayo sisi hatuambii. Siku hizi anakaa pale pale dirishani, ila hanong'oni.

Kibao nacho tukiseme. Nguo za wateja ziliibwa kwenye kamba, mara moja, mara ya pili. Baba watoto akakata kipande cha bati, akaandika kwa rangi nyekundu MBWA MKALI, akakichomelea kwenye geti. Tulicheka siku hiyo mpaka mbavu zikauma, maana wewe ulikuwa umelala chali chini yake, miguu minne juu. Jirani yetu fundi viatu kila akipita anauliza, mkali hajambo? Baba watoto anamjibu yuko jikoni, anapika. Anayepika ni mimi, na nilicheka pia.

Kitinda mimba wetu alijifunza kusoma pale. Maneno yake ya kwanza kuyasoma peke yake ni hayo mawili. Aliyafuata kwa kidole, akageuka, akaniuliza, "Mama, mkali ni nani?"

Tukacheka tena.

Mtaa wetu ni wa pili, nyumba yetu ni ishirini na saba. Mtaa wa tatu nao una ishirini na saba yake. Barua zao huja kwetu na zetu huenda kwao, na tulishazoea; tulikuwa tunamwita mwenye nyumba ile pacha. Askari siku ile walikuwa wanamtafuta mtu wa mtaa wa tatu. Walikuja wawili. Mmoja mrefu alitangulia na karatasi mkononi, mwenzake mfupi akabaki nyuma yake na bunduki. Wakagonga. Mimi nilikuwa katikati ya zipu ya sketi, na zipu ukiiacha katikati inapinda. Nikamwambia kitinda mimba, maana shule zilikuwa zimefungwa, afungue, kama nilivyokuwa nikimwambia siku zote. Akavuta geti, likamfunika kwa nyuma, na wewe ukampita.

Mkono ulikuwa umenyooka na una kitu. Ulikwenda kukipokea.

Nilisikia mlio mmoja. Nilidhani kuna kitu kimeanguka barabarani. Nilipofika ulikuwa umelala chini ya kibao chako, na karatasi ilikuwa bado mdomoni. Mtoto ameshika komeo, na hakuliachia mpaka baba yake aliporudi kutoka karakana. Yule askari mrefu aliinama, akaivuta karatasi kutoka kwenye meno yako, akaisoma upya. Akatazama namba ya nyumba. Akatazama barabara huku na huku. Akauliza huu ni mtaa wa ngapi, na mtoto ndiye aliyemjibu kutoka nyuma ya geti kwamba ni wa pili.

Tulikwenda kituoni. Walitupa pole, wakasema nyumba ilikosewa na hilo wanalikubali, lakini askari wao alikuwa anajihami. Mkubwa wao akatoa simu, akatuonyesha picha. Ilikuwa ya kibao chetu.

"Si nyinyi wenyewe mmeandika?" alisema, na hakusema kwa ubaya.

Baba watoto aliutazama mwandiko wake mwenyewe kwenye simu ya mtu. Tulitembea mpaka nyumbani. Kibao hatukukigusa. Kila mmoja wetu alikuwa anapita mbele yake akiangalia pembeni.

Halafu maneno ya nyuzi yakaanza, yakamfikia mtoto shuleni. Akaacha kufungua geti. Mtu akigonga tu, anaingia chini ya meza yangu ya kukatia na kubaki humo. Siku moja nikiwa natunga uzi akaniuliza kama ni kweli ulimng'ata, kwa sababu kama ulimng'ata basi ni yeye aliyekufungulia. Nikamwambia hukung'ata. Akaniuliza, uliona? Mimi nilikuwa kwenye zipu, Kifungo. Yeye alikuwa nyuma ya geti. Mtoto anamjua mama yake akisema kitu asichokiona, na alirudi chini ya meza. Kila mtu aliyesema nyuzi saba, nyuzi kumi na moja, alikuwa anamsukuma ndani zaidi, na mimi sikuwa na kitu cha kumvutia nje.

Miezi minne iliyopita geti liligongwa. Nikajikongoja mwenyewe. Alikuwa yule askari mrefu, hana sare, ana furushi. Alisimama mbali, furushi kaliweka nyuma ya mgongo. Alisema amehamishiwa kituo kingine, amekonda, suruali zake zinahitaji kupunguzwa, na kwamba angeweza kuzipeleka kwa fundi mwingine lakini miguu imemleta huku. Nikamwingiza mpaka kwenye chumba cha kushonea. Sikumpa pole wala kiti. Nilimwambia apandishe suruali aliyovaa mpaka gotini, mguu wa kulia na wa kushoto.

Hakuuliza kwa nini. Alipandisha. Miguu mizima, Kifungo, mikavu, haina hata alama ya mbu. Kisha akaona macho ya mtoto chini ya meza. Akachuchumaa, na suruali yake bado iko gotini.

"Hakunigusa, mwanangu," alisema. "Alinipokea karatasi polepole tu. Nilidhani ananisaidia."

Mtoto akamwuliza, kwa nini basi. Yule mtu akasema mwenzake alikuwa amesoma kibao, na aliposoma hakusubiri kuona. Akasema yeye mwenyewe angepaswa kusoma karatasi kabla ya kugonga, na kwamba hilo analala nalo. Kisha akaongeza kwamba mtoto aliyefungua geti hakukosa kitu chochote.

Mtoto akatoka chini ya meza. Alisimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea lile furushi, na akaja kuliweka miguuni pangu.

Suruali nilizipunguza. Wapo wanaonilaumu. Jioni ile baba watoto alikikata kibao kwa msumeno wa chuma, na mtoto alikishika upande wa pili kisianguke. Palipokuwa na kibao pamebaki makovu manne ya kuchomelea. Baba watoto anasema atayasugua na kupaka rangi. Mwezi unaisha, mwingine unaingia, hajayasugua, na mimi simkumbushi.

Watoto wanataka mbwa mwingine. Nimesema bado. Bibi amesema bado kidogo.

Kwa wenzangu mnaosoma, hasa mama mwenye mtoto na mbwa kwenye ua mmoja, sikuandika haya kukuliza. Nina hofu, na hofu yangu inanituma nikuambie haya ya kuepuka:

Usiandike mkali kama si mkali. Atakayesoma hajui kwamba unatania.

Usimtume mtoto kufungua geti, hata kama uko katikati ya zipu.

Usifungue kabla mbwa hajafungwa. Anayegonga kwa haraka na asubiri.

Usimfundishe mbwa kupokea kitu mkononi mwa mgeni. Mimi nilifundisha, na nilijisifu kwa hilo.

Usiridhike na namba ya nyumba peke yake. Andika na mtaa, tena kwa herufi kubwa.

Ukiletewa barua ya jirani, usicheke ukaipeleka ikaisha hapo. Kosa lile lile litakuja siku nyingine na watu wengine.

Usihesabu nyuzi kwenye mguu ambao hukuuona.

Unakumbukwa, Kifungo, na mimi mama, fundi wako. Na baba watoto aliyekubeba kifuani. Na bibi, ambaye dirishani ameacha nafasi yako. Na dada mkubwa anayesomea uuguzi mbali, ambaye kila akipiga simu bado anauliza umekula nini, halafu anakumbuka. Na kitinda mimba, mpokezi wa sasa wa nguo zote. Na shangazi, wa sita kwenye orodha na ameridhika. Na fundi viatu, anayepita siku hizi bila kuuliza. Na muuza maziwa. Na mwalimu mkuu na koti lake. Kuku wa jirani naye yupo, kazeeka, na anaingia mpaka barazani kwa sababu hakuna wa kumkimbia.

Geti letu likigongwa, leo na siku zote zitakazokuja, ni wewe tutakayekusikiliza kwanza.